Mkoromo Ndani ya Redio

Wimbi lililolipiga jukwaa la kufua umeme baharini liliporomosha paa la korido na kuangusha boriti ya chuma katika chumba cha pampu. Boriti ikamnasa dereva wa kreni. Shemeji yake, fundi umeme, alimkuta amekaa majini, mguu umebanwa, maji yamemfika kiunoni.

"Unavuja damu?"

"Kidogo. Ng'oa chuma hiki, acha kupiga domo."

Hakikung'oka. Walisukuma kwa nondo mpaka ikapinda. Kilichomweka hai ni pampu tu, iliyokuwa ikitapika maji nje kwa kasi ileile yaliyoingia nayo.

Fundi alipopanda juu, alimkuta msimamizi ameikumbatia redio ya mawasiliano. Haikutoa kitu ila mkoromo.

Fundi aliujua mkoromo huo, akaulaani. Wakubwa walipokuja kukagua, yeye na shemeji yake walifunga waya wa antena pamoja na nyaya nene za mtambo wa umeme ulioendesha pampu, kifurushi kimoja, ili korido ionekane nadhifu. Wakasifiwa kweli, wajinga wale. Tangu hapo mtambo ukinguruma, umeme wake huingia redioni na kumeza sauti za watu, nao wakazoea kuita nchi kavu mtambo ukiwa umepumzishwa. Sasa nyaya zote zilikuwa chini ya paa lililoanguka.

"Redio ina betri," msimamizi alisema. "Zima mtambo, tutasikika."

"Na pampu?"

Msimamizi akaonyesha sakafu. Jukwaa lilikuwa limeanza kuinama.

Fundi akashuka kumweleza shemeji yake.

"Zima," shemeji akasema. "Halafu uwashe upesi. Tukizubaa tunakwenda sote."

Akazima. Redio ikasafika, mtu akajibu, msimamizi akataja mahali walipo, akarudia.

"Wanakuja. Washa!"

Fundi akabonyeza. Mtambo ukakohoa, ukanyamaza. Akabonyeza tena na tena, akiubembeleza, akiutukana. Ulipowaka alikimbia chini, akapiga mbizi, akaushika mkono wa shemeji yake. Mkono haukumshika.

Helikopta iliwachukua wawili. Kabla hawajafika nchi kavu jukwaa lilikuwa limezama, na yule wa tatu ndani yake.

Dada yake fundi, sasa mjane, alimpokea mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Nani alizima?"

"Mimi. Mwenyewe aliniambia nizime."

Dada alimtazama mdogo wake kwa uchungu. "Miaka yote mnabishana, humsikilizi hata akikwambia chai ni ya moto. Siku hiyo ndiyo ukamsikiliza."