Honi Mpya ya Babu

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu alasiri, Babu alivaa kofia yake ya kahawia, akafuta kioo cha mbele cha gari, kisha akaenda kumchukua Mama kazini. Mama alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji. Kipanya, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliketi kiti cha mbele kando ya Babu. Jina hilo alipewa na Babu mwenyewe, kwa sababu mkono wake mwembamba ulipenya mahali ambapo mikono ya wengine ilikwama.

Gari la Babu lilikuwa dogo, kuukuu na safi. Kasoro yake ilikuwa honi. Ukiibonyeza, ilitoa sauti kama ya mgeni anayesafisha koo kwa adabu kabla ya kuomba chumvi. Waendesha pikipiki walioegesha mbele ya lango la maktaba hawakuijali kabisa. Mmoja wao, mwenye jaketi jekundu, alimwambia Babu siku moja, "Mzee, gari lako lina mafua. Lipeleke likatibiwe."

Babu alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka dukani na boksi lenye honi mpya mbili, zenye midomo mipana kama tarumbeta.

"Baba, si umpe fundi?" Mama aliuliza.

"Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Leo nitashindwa na karatasi yenye hatua tisa?"

Mama hakuridhika. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimsihi Babu aachane na udereva kwa kuwa umri umekwenda. Babu naye alikuwa na jibu moja: siku atakaposahau jambo la maana, ataukabidhi ufunguo mwenyewe, bila kuombwa.

Babu na Kipanya walikuwa na utaratibu wao wa kazi, ambao Babu aliutoa darasani. Kwa kuwa mgongo wake haukupenda tena kuinama, Babu aliketi kwenye kigoda na kusoma hatua moja kwa sauti. Kipanya aliitekeleza, kisha akajibu, "Tayari." Bila neno hilo, Babu hakusoma hatua inayofuata hata kama mvua ingeanza kunyesha. Kwa njia hiyo walikuwa wameshafunga pampu ya maji na feni ya jikoni, na vyote vilifanya kazi bila tatizo.

"Hatua ya kwanza," Babu alianza. "Legeza waya wa hasi wa betri, uutoe."

"Tayari."

"Hatua ya pili. Ondoa honi ya zamani."

"Tayari."

Hatua ya tatu, ya kufunga honi mpya, nayo ilikwenda vizuri. Hatua ya nne ilihusu rilei, kisanduku cheusi chenye miguu minne ya shaba. Babu alieleza kwamba kazi yake ni kubeba umeme mwingi unaotakiwa na honi kubwa, ili swichi ndogo iliyomo kwenye usukani isielemewe. Baada ya kueleza mara moja, alieleza tena, kama alivyozoea kuwafanyia wanafunzi wa viti vya nyuma.

Kipanya alipenyeza mkono ili aifunge. Bolti ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena, safari hii ikabingirika hadi chini ya gari.

Juu ya ukuta wa ua walikuwa wameketi rafiki zake wawili, Domo na Mrefu, waliokuja kusikiliza honi.

"Kipanya, unafunga honi au unaifuga?" Domo aliuliza.

"Mimi nimeambiwa niwe nyumbani saa sita," Mrefu alisema, akishusha mguu mmoja. "Mtanisimulia."

"Subiri, bwana. Dakika mbili tu," Kipanya alimsihi.

Ndipo Kipanya alipoona kwamba nyaya za honi mpya zingeweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za honi ya zamani. Akazichomeka. Rilei akaitia mfukoni.

"Rilei imekaa?" Babu aliuliza.

"Tayari, Babu."

Hatua ya tano ilikuwa ya nyaya za rilei, na ya sita, na ya saba. "Tayari," Kipanya alijibu kila mara, huku mikono yake ikijifuta tu kwenye gauni. Babu alimsifu kwa wepesi wake.

Waya wa betri uliporudishwa, Babu alibonyeza usukani. Honi ilinguruma hata Domo akaanguka upande wa pili wa ukuta, katika karai la nguo za jirani. Babu alitabasamu kama mwalimu ambaye darasa lake zima limefaulu. Kipanya alicheka pia. Lakini jioni, alipoificha rilei katika mkebe wake wa hesabu, hakucheka.

Jumatatu honi ilifanya kazi vizuri. Jumanne, walipofika maktaba, Jaketi Jekundu alikuwa ameegesha langoni kama kawaida, akila karanga. Babu akabonyeza. Karanga ziliruka juu, pikipiki ikasogea, na njia ikawa wazi.

Honi, hata hivyo, haikunyamaza.

Babu aliondoa mkono kwenye usukani. Honi ikaendelea. Akaupiga usukani, akauvuta, akaupuliza. Akazima gari na kutoa ufunguo. Honi haikujali. Mlinzi alifungua lango, akalifunga, akalifungua tena, kisha akapiga saluti kwa kukosa la kufanya. Wasomaji walimiminika nje ya maktaba wakiwa wameziba masikio, na mzee mmoja akatoka na gazeti lake likiwa bado limekunjuliwa, kana kwamba angemalizia ukurasa barazani.

Mama alifika mbio. Alisema jambo, lakini hakuna aliyemsikia. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika kiooni: "BABA, ZIMA."

Babu alichukua kalamu mfukoni. "SIWEZI," aliandika chini yake, akaweka nukta kwa uangalifu.

Aliyewaokoa ni fundi umeme wa magari mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Alifungua boneti, akaulegeza waya wa betri kwa spana, na kimya kikatanda. Kisha akachungulia ndani.

"Mzee, rilei iko wapi?"

"Ipo. Hatua ya nne."

"Haipo. Umeme wote umepita kwenye swichi ya usukani, ikapata moto, vyuma vyake vikagandana. Ingeendelea kidogo, nyaya zingeungua na gari zima pamoja nazo. Aliyefunga ameruka hatua."

Babu alivaa miwani, akaikunjua karatasi ya maelekezo. Akapitisha kidole kwenye hatua ya nne.

Mama alimgeukia binti yake. "Kipanya, Babu alisoma hatua ya nne?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. "Sikumbuki," alisema.

"Basi nitakuwa nimeiruka," Babu alisema taratibu. Akautazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, kisha akamkabidhi Mama bila kuombwa.

Fundi alichomoa nyaya za honi, akalirudisha gari nyumbani. Kuanzia siku hiyo Mama alirudi kutoka kazini kwa miguu, na gari likakaa uani. Alhamisi, saa kumi na nusu, Kipanya alimwona Babu akivaa kofia yake, akisita, kisha akiivua. Babu akaketi kusoma gazeti akiwa ameweka rula chini ya kila mstari, ili asiruke hata mmoja.

"Mjukuu wangu," aliita, "niulize kumi na saba mara kumi na tatu."

"Kumi na saba mara kumi na tatu, Babu?"

"Mia mbili ishirini na moja. Nimepatia?"

"Umepatia."

"Niulize nyingine."

Ilikuwa ya arobaini tangu mchana, na zote alikuwa amepatia. Kipanya hakuuliza nyingine. Alikwenda chumbani, akarudi na mkebe wake wa hesabu, akaiweka rilei juu ya gazeti.

"Babu, hukuruka kitu. Uliisoma hatua ya nne. Mimi ndiye niliyesema tayari wakati sijafanya."

Babu alikigeuzageuza kisanduku kile. "Kwa hiyo nilikueleza na kazi yake?"

"Ulinieleza mara mbili."

"Mara mbili," Babu alirudia, akashusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akaegemea kiti. "Mama yako akirudi, utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Mama alirudi viatu vikiwa na vumbi. Kipanya alimweleza yote, pamoja na lile jibu la "sikumbuki", ambalo lilimtoka kwa shida kuliko mengine. Mama alivua viatu, akaketi karibu na Babu.

"Baba, unisamehe," alisema. "Niliharakisha kukuona umechoka akili."

"Uliuliza, mwanangu. Ila uliyemwuliza hakukujibu."

Jumamosi fundi umeme alikuja kubadilisha swichi, akasimama kando akimwangalia Kipanya akifunga rilei. Bolti ilimponyoka mara tatu, na mara zote tatu aliitafuta. Kila alipomaliza hatua, Babu aliinuka kwenye kigoda, akawasha tochi na kuchungulia kwa macho yake, mgongo ukilalamika.

"Kuanzia leo nitatazama pia," Babu alieleza. "Nilifanya kosa la kutosheka na neno. Lakini wewe sikiliza. Kuponyokwa na bolti si aibu, hata fundi huyu humponyoka. Ungesema 'bado', ningesubiri hadi jua lizame. Uliposema uongo mdogo ili kuokoa dakika mbili, ulihatarisha maisha yetu ndani ya gari hili. Na ulipousitiri kwa uongo wa pili, ulinifanya mimi, mtu mzima, niogope akili yangu mwenyewe. Kazi ambayo haijaisha iseme haijaisha, na kosa lako lichukue kabla halijabebwa na mtu mwingine."

"Nimeelewa, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Maktaba bado. Leo utafuta vumbi kwenye rafu zao, na utawaomba radhi wasomaji mmoja mmoja, kwa sauti ya chini."

Mama, ambaye zamu yake ya Jumamosi ilikuwa imekaribia kuanza, alimwekea Babu ufunguo kiganjani, akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuingia.

"Twendeni basi," alisema, "nisije nikachelewa. Na Baba, ukifika langoni, tafadhali shuka ubishe hodi."