Ramani Iliyobaki

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Mildred alifungua boksi lake kulikagua, ghalani karibu na stesheni ya Guangzhou, China. Karatasi nane za kuviringisha, zenye lebo ya ramani kwa Kiingereza, hazikuwamo. Picha, nazo za kuviringisha, na kadi za maswali zilikuwamo. Mildred alifundisha historia ya Marekani katika shule binafsi Mombasa, na vifaa hivyo vyote alivichapisha hapa. Kontena la mizigo ya wateja wote lilikuwa liende bandari ya Huangpu kesho yake.

Sufian, mwenye ghala, alimtazama Hasna, mfanyakazi wake aliyelifunga boksi jana alasiri. Pasipoti ya Hasna ilikaa kwenye droo ya Sufian tangu aanze kazi, na viza ilibakiza siku mbili.

"Ramani zikionekana, utaipata," alimwambia, akatia geti kufuli.

Hasna hakulia. Alikaa juu ya robota, akawaangalia watu.

Tom, mnunuzi kutoka Nairobi aliyeshinda ghalani jana, alicheka alipoulizwa. "Mimi niibe historia ya wenyewe? Yangu tu ilinishinda shuleni." Mzigo wake ukapekuliwa, mlikuwa na viatu tu. Murshid, wakala wa forodha, yuleyule aliyemtupisha mteja tufe la ramani ya dunia mwezi uliopita ili kontena lisifunguliwe, alisema wanachelewa, laoban, yaani bosi Sufian, amalizane na msichana wake.

Hasna akaomba kukunjua karatasi zilizobaki. Ya tatu, yenye lebo ya picha, ilikuwa ramani. Mildred akashtuka: mchapaji alikuwa amepishanisha lebo mbili. Kumbe picha ya shamba la pamba imekwenda kwa jina la ramani.

"Aliyechukua alisoma lebo, hakufungua," alisema Hasna. "Mimi Kiingereza sikijui, niliishia la saba. Tom atamuuzia nani? Anayeogopa ramani humu ni mmoja, kaka Murshid."

"Forodha wanaangalia mipaka ya China imechorwaje," alisema Murshid. "Wakiona kosa, kontena lote linafunguliwa. Nililinda mizigo ya wote."

"Hizi ni za Marekani tupu, China haimo. Ungekunjua moja ungeona. Ulilinda maboksi yako ishirini kule nyuma, ya kontena hilohilo, jinzi za viwanda vya Xintang zenye nembo bandia. Niliyapanga mimi."

Murshid akasema zimo kwenye buti la gari lake. Alizitoa jana, wakati Hasna amekwenda kuswali.

"Na mimi ukaniacha nishikwe?"

"Wewe ungekwenda wapi bila pasipoti?"

Hasna akaigeukia ramani iliyobaki, akamuuliza Mildred mistari ile myekundu ni nini.

"Njia za watumwa waliotoroka kwenda kaskazini."

"Mbona wamepita porini?"

"Barabarani mtumwa aliulizwa karatasi ya ruhusa ya bwana wake. Asiyekuwa nayo alirudishwa."

Tom aliangalia droo yenye pasipoti. Mildred naye akaiangalia. Sufian akaanza kujipapasa mifuko akitafuta ufunguo wa droo, ya shati, ya suruali, ya shati tena, na ufunguo wenyewe alikuwa ameushika mkononi.