Buluu Haitaki Sabuni

Katika nyumba ya fundi cherehani, hakuna kitu kilichopona sabuni. Hata mawe ya kuzuia mlango yalisuguliwa. Majirani walimwita Mama Povu, na jina likamkaa sawasawa.

Siku hizo alikuwa akijifunza kuchapa picha kwa mikono, bila mashine. Mama yake, ambaye watoto humwita Bibi, maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Sasa alikubali ipigwe mikono yake tu, ikitunga uzi kwenye sindano.

“Mikono ndiyo iliyofanya kazi,” alisema. “Uso ulikuwa unatazama tu.”

Bibi angerudi kwake kesho. Mama Povu alitaka aondoke na picha hiyo.

Alivaa glavu, akapaka karatasi kwa brashi dawa ya njano inayogeuka buluu juani, akaikausha gizani. Juu yake akaweka plastiki yenye picha ya ile mikono, akabana kwa kioo na kuianika juani. Kisha akaiosha kwenye beseni. Buluu ikatokea, naye akafurahi. Muda si muda ikapauka, ikabaki njano kama chai nyepesi. Ya pili nayo vilevile. Karatasi ilibaki moja. Mama Povu alikaa chini, machozi yakamlengalenga.

Jirani yake mpiga picha, aliyemfundisha kazi hiyo, alikuja kutazama. Akainama, akanusa beseni.

“Shoga, umetia sabuni?”

“Kidogo tu. Nilitaka ile dawa ya njano itoke yote.”

Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. “Leo usafi umekuponza. Sabuni inakula buluu. Chukua beseni jingine, lisiwe la nguo wala la jikoni. Tia maji matupu na matone ya siki. Na juani usiwe na haraka. Iache mpaka uone imezidi kukolea, maana maji yataipunguza.”

Mama Povu alifuata neno kwa neno. Alibadilisha maji mpaka yakawa meupe. Mkono ulimwasha kutafuta sabuni, akajizuia. Karatasi ilipokauka, buluu ilikuwa imekolea. Kila mkunjo wa vidole vya Bibi ulionekana, na uzi pia. Mama Povu alijiona mrefu kuliko mlango.

Bibi aliipokea picha, akaisogeza karibu na macho.

“Umeichapa mwenyewe?”

“Mwenyewe, mama. Kwa maji matupu.”

“Wewe? Bila sabuni?” Bibi akaketi vizuri, akapanga kanga yake begani. “Haya, nipige na uso.”