Vigingi vya Ukingoni

Mke wa Tofali alikuwa anakanyaga udongo wa vyungu kwa miguu. Udongo mgumu haumsikilizi mtu mwenye haraka, kwa hiyo alikanyaga polepole huku ameshika ukuta. Mama yake alikaa mlangoni, anasugua chungu kibichi kwa jiwe laini ili kiwe na mng'aro.

"Mmenibadilishia jiwe," bibi alisema.

"Mama, jiwe ni lile lile."

"Macho yangu hayaoni, lakini vidole vyangu si vipofu. Hili si jiwe langu."

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya Tofali. Bibi alishuku jiwe. Mke alishuku mizani ya dukani. Tofali mwenyewe alishuku kila kitu, hata mvua. Watu walimwita Tofali kwa sababu alifyatua matofali, na pia kwa sababu neno la mtu mwingine lilikuwa gumu kuingia kichwani mwake.

Maisha yao yalitoka kwenye ukingo wa mto. Hapo palikuwa na ukuta mrefu wa udongo, umesimama wima kama umekatwa kwa kisu. Tofali alichimba chini, ambako udongo ni laini, akaubeba kwa toroli. Sehemu nyingine ilikuwa ya matofali, nyingine ilikuwa ya vyungu vya mkewe. Juu ya ukuta kulikuwa na matundu mengi. Humo waliishi keremkerem, ndege wa rangi nyingi wenye midomo mirefu iliyopinda.

Ndani ya udongo mlikuwa na kitu kingine. Kila mara jembe liligonga vigae, yaani vipande vya vyungu vya watu wa zamani. Wafinyanzi wote wa pale walivipenda. Walivitwanga kwenye kinu, wakachanganya unga wake na udongo mpya. Chungu chenye unga wa vigae hakipasuki motoni. Ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyejiuliza vigae vile vilikuwa vya nani.

Asubuhi hiyo Tofali alirudi na toroli tupu.

"Udongo umekwisha?" mkewe aliuliza.

"Kuna vigingi."

"Vigingi gani?"

"Vya mbao, vina rangi nyekundu juu. Vimepigwa mbele ya ukuta wetu. Yule mama wa ofisi ya wanyamapori na mambo ya kale, yule wa buti za mpira, ndiye aliyevipiga jana. Mwenye Lori amemwona."

Mwenye Lori alikuwa mnunuzi wa udongo. Alikuja na lori lake, akabeba, akaondoka. Alikuwa na maneno matamu na kicheko cha karibu.

"Amesemaje huyo Mwenye Lori?"

Tofali alikaa juu ya toroli. "Amesema tumekwisha. Ofisi ikishaona ndege, ikishaona na vyungu vya kale, inazungusha waya. Sisi tutasimama nje tukichungulia udongo wetu kama mbuzi wanaochungulia shamba. Amesema tumuuzie yeye ukuta wote sasa hivi, kabla hawajaja."

"Na wewe umemwamini?"

"Simwamini mtu. Lakini vigingi nimeviona kwa macho yangu."

Mkewe aliacha kukanyaga. Bila ule ukuta hakuna chungu. Bila chungu hakuna nyumba. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

"Kamuulize huyo mama," alisema.

"Nimuulize mwizi kama anaiba?"

"Muulize mbele ya watu."

"Nina njia yangu," Tofali alisema.

Mkewe alimfahamu mume wake. Aliposema ana njia yake, mara nyingi njia hiyo ilikuwa na jembe ndani.

Jioni Tofali alirudi ametapakaa matope mpaka masikioni. Kwenye toroli alikuwa na vigae vikubwa kuliko vya siku zote. Vingine vilikuwa nusu ya chungu, na midomo yake.

"Vigingi nimeving'oa," alisema. "Chini ya ukuta nimechimba, nimetoa kila chungu nilichokiona. Vitwange vyote kesho. Wakija, wasikute kitu cha kale hata cha kuchokolea meno."

"Na hayo matope ya masikioni?"

"Nimeziba matundu. Si yote, giza lilitaka kuniwahi. Wakikosa ndege, wakakosa vyungu, watazungusha waya kwa sababu gani?"

Mkewe alirundika vigae karibu na kinu.

Kulipokucha, mke wa Tofali alitia vigae kwenye kinu, akaanza kutwanga. Kwa kawaida alitwanga bila kutazama, maana vipande vilikuwa vidogo. Safari hii kipande kimoja kilikataa kuvunjika. Alikitoa ili akipasue kwa nyundo. Kilikuwa mdomo wa chungu. Chini ya mdomo kulikuwa na safu ya alama ndogo, kama miezi michanga. Mtu alikuwa amebonyeza udongo kwa ukucha, mara kwa mara, akazunguka chungu kizima. Mwishoni mwa safu, mwezi mmoja ulikuwa umegeuzwa. Mingine yote ilitazama kulia, huo ulitazama kushoto.

Mchi ulimponyoka.

Alimpelekea mama yake kile kipande. Bibi alipitisha kidole juu ya alama, polepole, mpaka akafika mwisho. Akarudia.

"Chungu changu hiki," alisema. "Nani kakivunja?"

"Si chako, mama. Kimetoka ndani ya ukuta, chini kabisa."

"Usinichezee. Ukucha wa mwisho hugeuzwa ili mkono ujue umemaliza. Hiyo ni kazi ya nyumba yetu. Mimi nilifundishwa na mama, mama alifundishwa na mama yake. Hakuna nyumba nyingine inayofanya hivyo."

"Basi kakifanya mtu wa nyumba yetu."

Bibi alishika kipande kwa mikono miwili. "Na wewe ulikuwa unamtwanga."

Tofali alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. Alisikia yote.

"Twende ukingoni," mke alisema. "Sasa hivi. Na jembe uliache."

Waliwasikia ndege kabla ya kuuona ukuta. Keremkerem walikuwa wanazunguka hewani na kupiga kelele. Wengine walikuwa wamening'inia mbele ya matundu yaliyozibwa, wanadonoa matope. Midomoni walishika wadudu, na hawakuwa na mahali pa kuwapeleka.

"Wana makinda," mke alisema.

"Sikujua," Tofali alisema.

"Hukuuliza."

Yule mama wa buti za mpira alikuwa ameshafika. Alikuwa juu ya ngazi, anazibua tundu kwa kijiko cha chakula. Aligeuka akawatazama. Hakuhitaji kuuliza. Tofali alikuwa bado na matope sikioni.

"Kuna ngazi nyingine pale," yule mama alisema. "Zibua taratibu. Usisukume matope ndani. Na usisimame katikati, ukuta umekatwa chini."

Walifanya kazi pamoja. Udongo ulikuwa haujakauka sana, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Kutoka matundu mengi walisikia sauti nyembamba za makinda. Kutoka matundu mengine hawakusikia kitu. Tofali alitia sikio kwenye moja ya hayo kwa muda mrefu, kisha akashuka.

Hapo ndipo ukuta uliponguruma. Kipande kikubwa, pale alipochimba jana, kilimeguka kikaanguka kwa kishindo. Kama angekuwa hapo na toroli lake, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

"Ndiyo maana niliweka vigingi," yule mama alisema. "Mmekula ukuta kwa chini. Juu kunaning'inia."

"Vigingi havisemi," mke wa Tofali alijibu. "Kwa nini hukutuambia?"

"Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji."

"Mwenyekiti anachimba udongo?"

Yule mama alijifuta matope mikononi. "Hachimbi."

"Basi ulimwambia mtu asiyehusika, ukatuachia sisi miti yenye rangi. Mtu akikuta miti mbele ya mlango wake, afikirie nini?"

"Hapo nimekosea," alisema. "Nilitakiwa nianze na nyie."

Tofali alimkazia macho. Alikuwa tayari kugombana na afisa mwenye kiburi. Afisa anayekubali kosa alimtia wasiwasi zaidi.

"Sema ukweli," alisema. "Mnataka kuzungusha waya?"

"Hapana. Lakini usiamini kwa kuwa nimesema mimi. Itisheni mkutano wa wachimbaji na wafinyanzi. Niulizeni mbele ya wote. Mtakachokubali kiandikwe, kisomwe kwa sauti, na nakala ikae kwenu."

"Na hivi nilivyoziba ndege?"

"Sheria inakataza. Sitakuficha. Nitaandika nilichokiona, na nitaandika pia kwamba ulizibua."

Mkewe alitoa kile kigae kwenye kanga. "Na hiki? Alama hizi ni za nyumba yetu."

Yule mama alikitazama, akauliza kilitoka upande gani, kina cha kiasi gani, pamoja na nini. Tofali alikuwa anang'oa tu, hakukumbuka.

"Tazama," alisema yule mama. "Chungu kikiwa ndani ya udongo kinasema mengi. Kiko karibu na majivu, basi hapa palikuwa na tanuri. Kiko chini ya tabaka hili, basi ni cha zamani kuliko lile. Ukishakitoa, kinabaki na umbo lake tu. Mkikuta kingine, msikitoe. Kifunikeni kwa udongo, wekeni alama, niiteni."

"Halafu mkishajua ni cha zamani, mnatufukuza," Tofali alisema.

"Alama hii mnaifanya mpaka leo?" yule mama aliuliza.

"Mama yangu yuko nyumbani," mke alisema. "Haoni, lakini ataifanya mbele yako."

"Basi fikiria mwenyewe. Kwenye ukuta kuna kazi ya nyumba yenu. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba wafinyanzi wa hapa si wageni wa huu udongo. Mkiisaga, mtabaki na nini cha kumwonyesha mtu atakayetaka kuwaondoa?"

Tofali alisema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu asiyoipenda. "Mwenye Lori ndiye aliyesema tumuuzie ukuta wote haraka."

"Na udongo anapeleka wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwake. Ukuta ukiisha, anayebaki na udongo ni yeye."



Mkutano ulifanyika kwenye karakana ya kuanikia vyungu. Ulikuwa na kelele. Tofali aliuliza maswali mpaka watu wakamwomba apumue. Nani ataamua pa kuchimba? Ofisi ikibadilisha mtu, neno litabaki? Hao ndege wana faida gani?

"Wanakula nyigu, nzi na mchwa wanaoruka," yule mama alijibu. "Wanakula nyuki pia, sitawadanganya. Mwenye mizinga asiiweke karibu na ukuta."

"Na hilo la ofisi kubadilisha mtu?"

"Hilo siwezi kukuahidi mimi. Ndiyo maana nataka kamati iwe yenu, iwe na muhuri wake."

Jibu hilo lilimtuliza Tofali kuliko ahadi. Walikubaliana hivi. Sehemu ya ndege na vyungu isiguswe. Udongo uchimbwe mwisho wa pili wa ukuta, kwa vidato kama ngazi, kuanzia juu kushuka chini, ili usiwaangukie. Wafinyanzi watumie vigae vya vyungu vyao wenyewe vilivyovunjika, si vya ukingoni. Kamati ya wachimbaji na wafinyanzi ndiyo iangalie, na mgeni yeyote, hata wa ofisi, apite kwanza kwa kamati. Mwenye Lori alikuja mwishoni na kicheko chake. Alipoambiwa aombe udongo mbele ya kamati, alikumbuka kwamba ana safari.

Siku ya kupiga vigingi upya, Tofali ndiye aliyeshika nyundo.

Msimu uliofuata keremkerem walirudi. Matundu mengine yaliyokuwa kimya yalipata wenyeji wapya. Chini ya paa la karakana pana rafu moja. Juu yake kimewekwa kile kigae, na pembeni yake chungu kipya cha mke wa Tofali, ukucha wa mwisho umegeuzwa. Bibi akipita huvigusa vyote viwili. Bado analalamika kuhusu jiwe.

Na Tofali? Usidhani amebadilika. Bado anashuku kila kitu, ila sasa wasiwasi wake una kazi. Lori likipunguza mwendo karibu na ukingo, yeye yuko barabarani. Mtu akiinama kuokota kitu, anamuuliza kaokota nini.

Asubuhi moja yule mama wa buti za mpira alikuja peke yake, na kamera shingoni. Alitaka kuhesabu ndege. Alipofika kwenye vigingi alimkuta Tofali amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Habari za asubuhi," yule mama alisema.

"Nzuri. Umepita kwa kamati?"

"Tofali, ni mimi."

"Nakuona. Umepita kwa kamati?"

Yule mama alimtazama, akatazama vigingi vyekundu vilivyokuwa vyake zamani, akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akageuza buti zake, akarudi alikotoka kwenda kuomba ruhusa.