Jiandikishe Kwanza, Ndipo Uone Nyumba

Bazilio alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa Immaculée, akichonga kipande cha mninga cha kuziba palipovunjwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano, Julai 1998. Huu ulikuwa mlango wa tatu alioitwa kuutengeneza Kasulu mjini ndani ya wiki mbili. Yote ilivunjwa mchana, wenyewe hawapo. Hapa ilibebwa cherehani, jana kati ya saa nne na saa tano, Immaculée akiwa sokoni.

Hakuwa askari, ni fundi seremala tu, lakini hakuwa na haraka. Kwenye fremu palikuwa na alama ya chuma bapa, upana wa vidole viwili, chenye pengo dogo ukingoni. Alama hiyo aliiona pia kwenye milango miwili ya kwanza. Alikata kipande chenye alama, akakitia mfukoni.

"Unapoteza muda, fundi," alisema Isihaka, mgambo wa mtaa. "Mwizi tunaye. Huyu Mkongo wa mandazi ameonekana mitaa yote mitatu. Saa nane lori linamrudisha kambini Nyarugusu, na kibali chake cha biashara nabaki nacho mimi."

Aksanti alikuwa ameketi ukutani, beseni miguuni. "Miye nauzishaka mandazi, papa. Kila siku napita. Cherehani ningeiweka wapi, ndani ya beseni?"

Bazilio alimgeukia Immaculée. "Dada, unatafuta nyumba ya kupanga?"

"Mimi? Hii ni yangu. Anayetafuta ni mdogo wangu Pelagia, huyu hapa."

"Wale wawili wa kwanza walikuwa wanatafuta. Walivunjiwa wakiwa na dalali Kipriani, wakionyeshwa nyumba."

"Na mimi jana saa nne nilikuwa naye," alisema Pelagia. "Lakini kwangu hakukuvunjwa."

"Daftarini mwake uliandika nini?"

"Anachotaka kabla hajakuonyesha orodha. Jina, unakokaa, mko wangapi, mtakuja kuona nyumba saa ngapi. Niliandika nakaa hapa kwa dada."

"Kwa nini?"

"Nimeandikwa mpakani nikiwa mgongoni mwa mama. Nimeandikwa kwenye makazi ya wakimbizi. Nimeandikwa nilipoomba uraia. Leo kutazama nyumba tu, niandike na ninapolala? Oya, hapana! Kwetu hatuandiki mlango wetu wa kweli."

Bazilio alimtazama Aksanti. "Pelagia anakaa wapi?"

"Nyuma ya mashine ya kusaga. Kila asubuhi namuleteaka mandazi sita."

"Basi, Isihaka, huyu angevunja nyuma ya mashine. Aliyekuja hapa anamjua Pelagia kwa maandishi tu."

Isihaka alikuna kidevu. "Twende. Lakini saa nane ni saa nane."

Saa tano walikuwa ofisini kwa Kipriani, karibu na stendi, wote watano. Gharibu, karani wake, alisukuma daftari bila kuinua uso. Kurasa zilikandamizwa na chuma bapa cha kutolea matairi, zisipeperushwe.

"Jiandikisheni kwanza."

"Sijiandikishi," alisema Pelagia. "Nimekuja kufuta nilichoandika."

Kipriani alitoka chumba cha ndani. "Mama, bila daftari mtu anasoma orodha yangu, anakwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba. Mimi nile nini?"

"Aandike akishaipenda nyumba. Akiwa anatazama tu, anakolala kunakuhusu nini?"

Bazilio alitoa kipande cha fremu, akakiweka mezani, akalaza chuma juu ya alama. Pengo liliingia mahali pake.

"Kipriani, jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Na huyu anayenisuta."

"Ni kweli," alisema Pelagia. "Simpendi, lakini ni kweli."

"Ofisini alibaki nani?"

Gharibu aliweka kalamu chini. "Chuma chochote kinaazimwa."

"Na funguo zile za nyumba ukutani, anazishika nani?" aliuliza Bazilio. "Pelagia, kuna nyumba yoyote waliyokunyima?"

"Namba saba. Nimeiomba mara mbili, Gharibu anasema imechukuliwa."

"Namba saba?" Kipriani alishtuka. "Haina mtu tangu Mei!"

Isihaka alitungua ufunguo msumarini. Gharibu alimtazama, kisha mabega yakamshuka.

"Cherehani imo, na vya wale wengine," alisema. "Miaka mitatu nawatafutia watu nyumba, mimi nalala chini ya meza hii. Nilitaka nianzie pahali. Na sikumfuata mtu. Waliandika wenyewe saa gani nyumba haina mtu. Mimi nilisoma tu."

Isihaka alitoa kibali mfukoni. "Aksanti, chukua. Nenda kauze."

Aksanti hakunyoosha mkono. "Sokoni ndipo uliniitia mwizi. Unipatie palepale, wale wote wakisikia."

Isihaka alivaa kofia, akamshika Gharibu mkono. Walitoka watatu, Aksanti mbele na beseni lake kichwani.

Pelagia alichomoa orodha ya nyumba chini ya daftari.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza Kipriani.

"Nje, ukutani. Asomaye asome."

Kipriani alifunga daftari lake, akaenda kutafuta rangi ya kuandikia.

Bazilio alipigilia ubao unaotazama barabara ya Kibondo. Hadi saa kumi na mbili Pelagia alikuwa ameandika nyumba sita, rangi ikaisha. Nyumba namba saba ingeandikwa kesho. Mlango wa Immaculée nao haukuwa na kitasa bado. Immaculée aliegemeza mlangoni kwa ndani cherehani yake iliyotolewa namba saba, akamwambia fundi awahi asubuhi.