Pua ya Bhuri

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Mimi nimeishi na punda tangu nizaliwe, na nasema wahenga waliyageuza maneno. Punda ndiye anayefadhili. Mateke hutoka kwetu.

Jina langu ni Sughran. Nina miaka kumi na tisa. Baba yangu, Khushi, hubeba matofali mabichi kwenye tanuri moja nje ya mji wa Kasur, si mbali na Lahore. Nimesema hubeba, lakini anayebeba ni Bhuri, punda wetu jike mwenye rangi ya udongo. Baba na mimi tunajaza shogi, makapu mawili ya mgongoni mwake. Yeye anatembea hadi tanurini. Tunashusha, tunarudi, tunajaza tena. Hivyo ndivyo chapati na kitunguu vinavyofika nyumbani kwetu. Mtu asiye na punda, mwenye tanuri humpa siku tatu ahame chumba alichompa cha kuishi.

Mwezi wa Juni joto lilizidi. Bhuri akaanza kusimama njiani. Pua zilimtanuka, mbavu zikapanda na kushuka. Baba alimchapa fimbo. Bhuri akaenda hatua kumi, akasimama tena.

"Hewa haimtoshi huyo," alisema Bashir, mdogo wake Baba. "Mpasue pua. Unangoja nini, kaka? Wangu nilimpasua mwaka juzi."

"Na yuko wapi sasa, Baba Mdogo?" nikamuuliza.

"Alikufa. Lakini alikufa akipumua vizuri."

Hiyo ndiyo desturi ya tanurini kwetu. Punda akihema sana, anaitwa Fundi Rafiq mwenye wembe. Humfunga punda kamba mdomoni, humpasua kila tundu la pua kwenda juu, hupaka majivu, hunywa chai yake, huondoka. Karibu punda wote wa kwetu wana pua zilizopasuka. Watoto wadogo hudhani punda huzaliwa hivyo.

Baba alimwita Fundi. Angekuja Ijumaa, baada ya swala.

Jumatano alifika Farkhanda, mganga wa mifugo. Huja na pikipiki, na sanduku la dawa limefungwa nyuma. Alitukuta kwenye bomba la maji, Baba akinawa uso.

"Mjomba Khushi, nasikia Ijumaa mna mgeni mwenye wembe."

"Punda hapati hewa, binti yangu."

"Naomba nimwone."

Alimshika Bhuri taratibu chini ya taya. Alivuta ukingo wa pua kwa kidole. Ukafunguka kama mdomo wa mfuko.

"Tazama. Akihema, anaifungua mwenyewe. Punda hapumui kwa mdomo, anapumua kwa pua tu, kwa hiyo Mungu amempa pua inayotanuka. Hewa inapita kwenye njia ya ndani, na njia ile wembe hauifikii."

Baba alikunja uso. "Baba yangu alipasua. Babu yangu alipasua."

"Mjomba, nikipasua mdomo wa bomba hili, maji yataongezeka?"

Baba alilitazama bomba. "Hayataongezeka. Yatamwagika ovyo."

"Basi ndivyo ilivyo pua. Utapata kidonda, nzi, na funza ndani ya kidonda. Hewa itabaki ileile. Sasa niambie, leo umekunywa maji mara ngapi?"

"Nani anahesabu? Mara saba, mara nane."

"Na Bhuri?"

"Atakunywa jioni. Maji ya mchana humsokota punda tumbo."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Na kila mtu anazika punda kila mwaka," alisema Farkhanda. Hakucheka.

Aliinua tandiko. Chini yake palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja, na sisi tulikuwa tukijaza matofali juu yake kila siku. Nilitamani ardhi inimeze. Farkhanda alikisafisha, akampa Bhuri dawa ya minyoo, kisha akatueleza bila kupamba. Mpeni maji kila baada ya saa mbili. Anzeni kazi alfajiri, na jua likifika utosini mpumzisheni kivulini. Punguzeni matofali. Wekeni pamba ya kutosha chini ya tandiko, na msipakie juu ya kidonda mpaka kipone.

"Hisani hiyo itanifilisi," alisema Baba.

"Si hisani, Mjomba, ni haki yake. Anafanya kazi, kwa hiyo anastahili maji, chakula, mapumziko na tiba. Anastahili pia asikatwe bure. Wewe mwenye tanuri akikunyima maji utapiga kelele hadi Lahore. Yeye hana mdomo wa kudai. Mdomo wake ni ninyi."

Ijumaa Fundi Rafiq alikuja hata hivyo. Nilimvuta Baba pembeni.

"Baba, si umesikia alichosema mganga?"

"Nimesikia. Lakini nimeshamwita mtu. Nitamrudishaje mbele ya watu?"

Kwa hiyo hewa haikuhusika tena hapo. Punda wetu angekatwa pua kwa sababu Baba anaona haya.

Fundi alimfunga Bhuri kamba mdomoni. Aliuweka wembe juu ya tofali, akageuka kupokea chai. Niliuchukua. Nilipanda ngazi za tanuri. Juu ya tanuri kuna matundu ya kutilia makaa, yamefunikwa vifuniko vya chuma. Niliinua kimoja kwa kulabu, nikauangusha wembe motoni, nikafunika.

Kule chini Baba Mdogo Bashir akapiga kelele: "Binti wa Khushi amepata wazimu! Kesho atamvisha punda shela, tumchezee harusi!"

"Nawe utakuja kula pilau, Baba Mdogo," nikamjibu kutoka juu. "Baba, nipe siku kumi. Bhuri akishindwa, shogi nitazivaa mimi."

Nilipofika chini Baba aliinua mkono. Ulikaa hewani, kisha akautumia kufungua kamba mdomoni mwa Bhuri.

"Siku kumi," alisema.

Siku tatu za kwanza, kidonda kikiwa kibichi, Bhuri hakubeba kitu. Baba na mimi tulibeba matofali vichwani, na watu walituonyesha kidole. Siku ya nne kidonda kilianza kukauka. Tulimwekea mto wa pamba wenye tundu mahali pa kidonda, tukampakia nusu ya mzigo. Ndoo ya maji ilikuwa kila mwisho wa njia. Siku ya saba hakusimama hata mara moja. Siku ya kumi alifanya safari mbili zaidi ya zile alizokuwa akifanya kwa fimbo. Mwenye tanuri hakututoa chumbani.

Mwezi wa Agosti tulijenga birika la maji kwa matofali yaliyovunjika, na kivuli cha mikeka ya matete. Familia sita zilisaidia. Baba Mdogo Bashir hakusaidia, ila punda wake mpya hunywa pale kila siku, na yeye hutazama kwingine. Farkhanda huitwa kabla punda hajaanguka. Tangu Juni hakuna pua iliyopasuliwa.

Fundi Rafiq alipeleka malalamiko kwa wazee. Walikaa kwenye vitanda vya kamba, wakaniita. Mzee mmoja alisema punda ni wazima, hilo wameliona, lakini binti amemdhalilisha fundi mbele ya watu. Niombe radhi, mambo yaishe.

Baba alitazama chini. Kando ya birika Bhuri aliinua kichwa, maji yakimdondoka kwenye pua zake nzima.

"Fundi," nikasema, "nitakununulia mkasi, ukanyoe kondoo. Mkono wako ni mwepesi, kazi utapata. Lakini radhi siombi. Siombi leo, na kesho mkiniita tena sitaomba."