Ndoo ya Kutemea

Siku ya gulio Lushoto, mwanamke mwenye akili zake habebi katoni ya chupa kifuani akakatiza katikati ya soko. Esteria alibeba. Alikuwa amechelewa, barabara ilikuwa imezibwa na malori ya kabichi, na Beatha, mwenye duka, hakuwa mtu wa kusubirishwa. Akajipenyeza kati ya matenga ya karoti na mafungu ya peasi, gauni lake la kitenge cha maua ya njano likifagia majani ya vitunguu, mpaka akahisi kitako cha katoni kimelowa na kulegea.

"Dada, simama hapo hapo!"

Mikono miwili ikaidaka katoni kutoka chini kabla chupa hazijateremka. Mwenye mikono alikuwa kijana mrefu, sweta la kijivu, buti za mvua zimejaa tope. Kwa haraka ile alikuwa amelipiga teke tenga lake mwenyewe, na plamsi zake mbivu zilikuwa zinabingirika kila upande.

"Umemwaga mali yako kwa ajili yangu," Esteria akasema.

"Plamsi zinaokoteka. Humu mna nini?"

"Waini. Ya Chile, ya Hispania, ya Afrika Kusini, na ya kwetu Dodoma."

"Aa, za wazungu wa hotelini."

"Za wazungu kwani nani kakwambia? Walimu wananunua, mafundi cherehani wananunua. Njoo Jumamosi uonje, ni bure."

"Na wewe utakuwepo?"

"Kwani nani atakumiminia?"

Tobia, maana ndilo lilikuwa jina lake, akaja kweli, amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Duka la Beatha liliuza mvinyo wa bei ya kawaida kutoka pembe zote za dunia, ule wa kushushia ugali na maharage nyumbani, na kila Jumamosi mchana wateja walionja kabla ya kununua. Kazi ya Esteria ilikuwa kuonja kila chupa mpya na kutoa hukumu: inauzika au haiuziki. Beatha alimwamini kuliko mwenye kiwanda.

"Zungusha glasi," akamfundisha. "Nusa. Vuta funda moja, sukutua, kisha tema kwenye ndoo ile."

"Niteme? Kitu kizima hiki?"

"Ukimeza zote utarudi kwenu Mlalo unatambaa."

"Ukinisindikiza, natambaa."

Yakaanzia hapo. Ikawa simu asubuhi, simu mchana, simu mpaka betri inalia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshashiba. Leo nimeshinda na Hispania."

"Mwambie huyo Hispania nina panga."

Miezi ikaenda hivyo, mpaka siku Tobia aliposema mama yake anataka kumwona. Mama Kristian alikuwa mjane, aliyewasomesha Tobia na kaka yake Kristian kwa plamsi na viazi. Naye alitengeneza mvinyo wake mwenyewe wa plamsi.

"Nimemwambia mchumba wangu ni bingwa wa kuonja," Tobia akasema. "Ametenga dumu zima kwa ajili yako, hajamgusisha mtu."

"Basi nitampa alama."

"Mpe zote. Este, sikiliza, sitanii. Mama akikukubali, nimemaliza. Asipokukubali, sijui nitafanyaje."

Jumapili baada ya ibada Esteria akafika Mlalo, sketi ndefu ya bluu, sweta jeupe, nywele zimesukwa upya. Akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu."

Neno hilo, kwenu, lilimwingia moyoni. Sebuleni walikuwepo shangazi wa Tobia na mzee wa kanisa. Wakanawa mikono, na beseni la maji machafu likaachwa karibu na miguu ya mgeni. Mama Kristian akamimina kikombe cha kwanza, akampita mzee wa kanisa, akampa Esteria kwa mikono miwili.

Wote wakamtazama, na kule kutazamwa ndiko kulikomponza, maana ni vile vile alivyotazamwa kila Jumamosi. Mkono ukakizungusha kikombe wenyewe. Akanusa. Akavuta funda, akasukutua, akainama, akatema ndani ya beseni.

"Kali," akasema. "Hii haiuziki."

Akayasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Shangazi akasema jambo kwa Kishambaa, na Esteria, binti wa Soni, Mshambaa mwenzao, akalielewa lote na kutamani asingelielewa. Mzee wa kanisa akaanza kukagua viatu vyake. Mama Kristian hakugomba. Alikitwaa kile kikombe, akakifunika na kisahani kana kwamba anamfunika marehemu, akasema, "Chakula kitapoa."

Laiti angemfukuza. Esteria alikula bila kuinua macho, uso unawaka.

Kituoni Tobia akamsogelea, sauti imemkauka. "Ndizo alama zako hizo? Umemfanyia mzaha mama yangu mbele ya watu?"

Angesema ni mazoea ya kazi. Angesema samahani. Lakini aibu ilikuwa imemkaba, akageuka akapanda gari. Na alipofika nyumbani akazima simu, kwa sababu hakujua angeongea na sauti ile kwa uso gani.

Tobia alipiga, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga tena. Akajua, au alidhani amejua, kwamba binti wa mvinyo wa Ulaya amewadharau watu wa Mlalo. Akaacha kupiga.

Dukani kila Esteria alipotema aliliona lile beseni. Hata usingizini aliliona. Mwishowe Beatha akachoka.

"Mdomo ulioharibu ndio huo huo umeufunga? Washa simu, we mwanamke!"

Akaiwasha, lakini hakumpigia Tobia. Alipiga namba ya Mama Kristian, yule aliyekosewa.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, yule niliyetema."

"Marahaba. Nimekujua."

"Mama, sina la kujitetea. Kazini tunaonja na kutema, nikasahau niko wapi. Nikasahau niko mbele ya nani. Naona aibu mpaka nashindwa kula."

"Huko kazini kwenu wanatema wote?"

"Wote, mama. Kuna ndoo."

"Nitakuja nione."

Na Jumamosi akaja, kitambaa cheupe kichwani, kanga mpya begani, kikapu mkononi. Tobia alikuwa nyuma yake, hajui aangalie wapi. Mama Kristian akasimama kando, akamwona mwalimu mkuu akitema, akamwona karani wa mahakama akitema na kupangusa ndevu.

"Watu wazima na akili zao," akanong'ona.

Kisha akatoa chupa kikapuni, akaisimamisha mezani kati ya Chile na Hispania. "Na hii muionje."

Esteria akamimina mwenyewe. Mteja mmoja, kwa wema, akamsogezea ndoo. Akaisukuma kwa mguu. Hakuzungusha wala kunusa. Akanywa lote, mpaka glasi ikawa tupu, machozi yakimtoka.

"Haya," Mama Kristian akasema. "Unasemaje?"

Duka lote likatega sikio. Uongo mdogo tu ungetosha, na Tobia alikuwa anauomba kwa macho.

"Ni kali, mama," Esteria akasema kwa sauti ndogo. "Bado ni kali. Naomba uniongeze."

Mama Kristian akamtazama sana. Halafu mabega yakaanza kumcheza, kicheko kikafuata.

"Ungesema tamu ningeondoka na kijana wangu. Plamsi za mwaka jana zililowa mvua, nami nilijua. Nilitaka tu mtu aimeze na mimi." Akachukua glasi ya Chile, akavuta funda, akakunja uso, akatema kwenye ndoo kwa nguvu zote. "Na hii ndiyo haiuziki!"

Beatha akashika kichwa. Tobia akamsogelea Esteria, akamshika mkono.

"Nisamehe, Este. Sikukuuliza."

"Nilizima simu. Ungeniuliza wapi?"

Mama Kristian alikuwa ameshaanza kufunga kanga yake vizuri.

"Mtanong'onezana baadaye," akasema. "Esteria, barua ya posa tumpelekee nani huko Soni? Na siku ya kuja kwangu, ndoo yenu iacheni hapa hapa."